Utepe wa Dada Lydia

Jumatatu, 13 Januari 2025
Nimemaliza mlango wa dada Cornelia. Mninga mtupu, komeo la chuma kwa ndani. Chanji nzima hakuna mlango kama huu — na shule niliishia form two! Mchana kaja Dada Lydia, yule mhudumu wa afya wa Mbeya anayetembelea nyumba zenye watoto wadogo. Kampima mtoto wa Cornelia, mpwa wangu Beda, mkono kwa kautepe ka rangi. Kijani ni mzima, nyekundu hatari. Beda kaangukia njano. Aongezewe karanga kwenye uji, atapimwa tena baada ya wiki mbili.

Jumatano, 15 Januari
Karakana leo jeneza. Dada Lydia akapita na mkoba wake. Nikawaambia washikaji: "Huyo ndiye anatuletea oda. Yeye anapima watoto, sisi tunaranda mbao." Fundi Gaudensi alicheka hadi akadondosha misumari. Mama mmoja aliyeleta kiti hakucheka. Hana utani tu.

Jumatatu, 27 Januari
Dada Lydia kapiga hodi nyumba saba. Imefungua moja. Wanaficha watoto — eti utepe ni wa kupimia jeneza, fundi mwenyewe kasema. Fundi ndiye mimi. Dada Cornelia naye kashusha komeo. Nikamwambia ulikuwa utani. Kanijibu: "Wewe si ndiye unayejua vipimo?"

Alhamisi, 6 Februari
Beda hachezi. Miguu imejaa, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Dada anasema kanenepa.

Jumapili, 9 Februari
Dada kaenda misa. Nimemzungushia Beda uzi mkononi, nikaupima kwa tepu ya kazini. Sentimita kumi na moja. Nimerudia mara tatu. Kazini huwa sirudii.

Jumanne, 11 Februari
Nimemtafuta Dada Lydia, nikamweleza yote. Alipouliza nani kaanzisha, nikasema mimi. Hakunigombeza — bora angenigombeza. Kasema kumi na moja ni nyekundu, Beda alale hospitali leo. Tukaenda kwa dada; katuona dirishani. Komeo likalia.
Nikaita: "Dada, ni mimi."
"Ndiyo maana sifungui."
Nimepiga bega, mlango haujatikisika. Nikataka kufuata tindo. Dada Lydia kanishika mkono: tukivunja huu, hakuna mwingine utakaofunguliwa Chanji. Kakaa kizingitini, anamwita mama Beda, taratibu, kama wana siku nzima. Mimi naandika kwa penseli ya kazini, mikono ipate shughuli.
Mwanzo Beda alikuwa analia. Sasa hivi simsikii. Mbao nene mno, labda.