Kamongo Wanashuka Daraja

Jumamosi, 4 Septemba

Nimeloweka jezi ya Evodi. Vumbi jekundu la golini limeganda kwenye viwiko, halitoki.

Tumefungwa tena. Tatu kwa moja, na hapa hapa nyumbani. Kamongo, timu ya kiwanda cha nyuzi na khanga. Niliolewa nayo pamoja na Masanja mume wangu, maana yeye ndiye mpiga ngoma wa tawi la mashabiki, na bibi harusi hakuulizwa. Siku hizi ni mimi ninayeingia kanisani Jumapili bila sauti kwa kelele za uwanjani.

Maoni yangu, ambayo hakuna atakayeyauliza: winga wa kulia hakabi. Beki namba tano amechoka tangu Pasaka. Kocha anabadilisha wachezaji kama mtu anayechambua mitumba. Lakini goli la tatu halikuwa la beki. Shuti la mbali, la polepole, upande wa kushoto wa kipa. Evodi hakusogea. Alisimama tu mpaka nyavu zikatikisika.

Evodi ni mdogo wangu, tumbo moja. Anakaa nasi hapa Mirongo tangu kiwanda kilipomleta kutoka Bukoba adake. Leo hakula. Sikumuuliza kitu. Niliogopa jibu.

Jumanne, 7 Septemba

Adela binti yetu amerudi shuleni analia. Wenzake wamemwimbia kwamba mjomba wake ana mikono ya siagi. Mimi nafundisha shule hiyo hiyo. Nilisikia wimbo dirishani, nikaendelea kuandika ubaoni.

Masanja anasema wageni wamepita tena kiwandani kupiga picha mitambo. Nusu imezimwa. Watu wanavaa mitumba, khanga zetu zimelala ghalani. Inasemekana atakayekinunua kiwanda hatataka kulisha wacheza mpira. Labda timu ikibaki ligi kuu, jina litauzika. Ikishuka, basi. Na wachezaji wote wameajiriwa kiwandani. Evodi ni mtu wa stoo, ingawa stoo yenyewe anaijua mlango tu. Akitoka golini, ametoka na stoo.

Zimebaki mechi tatu. Naogopa.

Jumapili, 12 Septemba

Jana Shinyanga, mbili bila. Tulisikiliza redio kwa jirani. Mtangazaji alisema kipa wa Kamongo "alikuwa akiangalia mambo mengine." Watu wote barazani waligeuka wakanitazama mimi.

Leo baada ya misa nimemwamkia Mzee Lusinge, mwenyekiti wa tawi. Shikamoo yangu ameiitikia akiangalia pembeni. Huyu alimbeba Adela siku ya ubatizo.

Tulipofika nyumbani, ukutani pameandikwa kwa mkaa, herufi kubwa: HAPA ANAKAA YUDA.

Nilichota maji nikasugua. Nilitaka pawe safi kabla timu haijarudi safari. Masanja alisimama mlangoni. Hakushika tambara. Nikamwuliza kama na yeye anaamini kwamba Evodi amenunuliwa. Akasema, "Mama Adela, mimi nimeona magoli kama wewe ulivyoyaona."

 Hilo ndilo lililonitisha kuliko mkaa.

Jumatano, 15 Septemba

Sasa najua. Heri nisingejua.

Asubuhi Evodi alimimina chai kando ya kikombe. Chai ilitambaa mezani hadi mapajani mwake. Akacheka, akasema usingizi. Mchana nikamkuta uani amekaa kwenye gogo. Nikachukua chungwa, nikamrushia upande wa kushoto, taratibu, kama ninavyowarushia watoto. Likampiga kifuani. Kipa wa ligi kuu.

Nililiokota chungwa. Halafu akasema yote. Ni jicho la kushoto. Alipigwa kiwiko kwenye kona, mechi za mwanzo za msimu. Mwanzoni aliona cheche. Baadaye kivuli, kama pazia linalofungwa kutoka pembeni. Sasa mpira ukitoka upande ule anausikia kabla ya kuuona.

"Dada, nikisema leo, kesho sina kazi. Acha nimalize msimu."

Ameniapisha nisimwambie mtu. Hasa Masanja. Nimeapa. Nimeapa kama mjinga.

Jumamosi, 18 Septemba

Tumeshinda! Moja bila.

Sijui niandike nini. Dakika za mwisho refa akawapa wapinzani penalti. Nilifumba macho. Niliposikia ngoma ya Masanja nikajua. Evodi aliruka kulia, jicho zuri, na mpira ukaja kulia. Angepiga kushoto tungekuwa tunaomboleza. Wakambeba mabegani. Wale wale wa mkaa, nina hakika. Mabula, fundi viatu wa pale kona yetu, alikuwa akimbusu mikono.

Mzee Lusinge amekuja nyumbani, amekunywa chai, amecheka. Masanja amemwita Evodi "shemeji yangu wa chuma."

Mimi nimeshindwa kucheka. Tukipata sare Jumapili ijayo tunabaki ligi kuu. Kwa hiyo Jumapili ijayo uwanja mzima utamtazama yeye. Na wapinzani si vipofu. Itatosha mmoja wao agundue wapi pa kupiga.

Jumatano, 22 Septemba

Nimeomba ruhusa shuleni, nimempeleka hospitali. Tulipita njia za nyuma ili tusionekane. Daktari, mama mmoja mpole, alimulika jicho kwa muda mrefu. Akasema utando wa ndani umebanduka. Mahali pengine wangeweza kujaribu kuushona kama angewahi. Amechelewa. Sasa kazi ni kulilinda lile la pili. Asipigwe tena kichwani. Asiruke. Asicheze.

Evodi aliitikia "ndiyo, mama" kwa kila neno. Tulipotoka nje akaniambia atacheza Jumapili.

Nimemsihi njia nzima. Nimemtajia mama yetu kule Bukoba, mgongo umepinda, nani atamwongoza kipofu shambani. Akaongeza mwendo.

Naandika na hili, kwa kuwa hakuna atakayelisoma. Kuna sehemu ya moyo wangu inayotaka acheze. Kipa wa akiba ni mrefu lakini mwoga, akiona krosi anarudi nyuma. Evodi na jicho moja ni bora kuliko yule na mawili. Nimeshinda na wazo hilo mchana kutwa kichwani. Mimi, dada yake. Naona aibu, na bado nataka tubaki ligi kuu.

Ijumaa, 24 Septemba

Nimevunja kiapo.

Evodi alikuwa mazoezini. Masanja alikuwa akikaza ngozi ya ngoma uani. Nikasema tu, bila kuzunguka: shemeji yako haoni jicho la kushoto, na akigongwa tena atapoteza na la kulia.

Aliendelea kukaza kamba. Halafu akaacha. "Tangu lini unajua?"

"Tangu siku ya chungwa."

Hakuelewa chungwa ni nini, ila hakuuliza. Alikaa pale, mikono magotini. Nilimwona akifikiria ukuta wetu, na tambara ambalo hakulishika. Kisha akavaa viatu akatoka. Sikujua anakwenda kwa Lusinge, kwa kocha, au kulewa.

Amerudi kabla ya giza. Hanuki pombe.  Evodi naye amerudi, wamekula sahani moja, hawakutazamana. Mimi nawatazama wote wawili.

Jumapili, 26 Septemba

 Nitaandika kwa mfuatano.

Timu ilipoingia uwanjani, golini alikuwa yule mrefu. Evodi hakuwapo hata benchi. Uwanja mzima ukaguna. Mtu nyuma yangu akasema, "Amekimbia. Wamempa chake amekimbia." Neno likasambaa kama moto kwenye pamba.

Tulifungwa moja bila. Krosi. Mrefu alirudi nyuma, kama nilivyosema. Kamongo wameshuka daraja. Nilikaa kwenye saruji, sikulia. Watu wazima walikuwa wakilia. Halafu nikaona hawalii tena, wanaokota mawe.

Nilikimbia nyumbani kwa njia ya mtoni. Evodi alikuwa chumbani na Adela, anamsaidia hesabu. Alikuwa ameambiwa na kocha asubuhi kwamba hachezi, bila kuelezwa sababu. Nikafunga mlango kwa komeo, nikasukuma meza. Adela nikamweka chini ya kitanda. Alifikiri ni mchezo, akaanza kucheka, halafu akaona uso wangu.

Tukawasikia. Kwanza kama mvua mbali. Halafu majina. Yuda. Muuzaji. Toka nje.

Nilichungulia dirishani. Mbele kabisa, akikimbia mbele ya wote, alikuwa Masanja.

Nilidhani amewaleta. Sitalisahau hilo. Nilidhani mume wangu anakuja kuvunja mlango wake mwenyewe.

Alifika kibarazani akageuka, mgongo kwetu. Alikuwa anahema. Aliongea polepole, kwa sauti ile anayoitumia msibani.

"Mnanifahamu. Huyu kijana hajauza mechi. Haoni kwa jicho la kushoto, ameumia akiwachezea ninyi. Mimi ndiye niliyekwenda kwa kocha nikasema asipangwe. Kama tumeshuka, mimi ndiye niliyewashusha. Haya, mimi hapa."

 Halafu jiwe. Nilimwona aliyelirusha: Mabula, fundi viatu. Lilimpata Masanja juu ya nyusi. Aliyumba, akashika nguzo, hakukaa chini. Damu ilimfumba jicho. Wakamwona hivyo, amesimama na jicho moja, na nadhani hapo ndipo walipoelewa. Mzee Lusinge akapita katikati, akasema kitu kifupi kwa Kisukuma, na mawe yakaanza kuanguka chini, moja moja. Wakaondoka bila kuagana.

Nilifungua mlango. Evodi alitoka nyuma yangu. Nilidhani atamshukuru. Alimsogelea kwa hasira.

"Shemeji, kwa nini umewaambia? Afadhali wangeniita Yuda. Yuda timu nyingine ingemchukua. Kipofu atachukuliwa na nani?"

 Nilikuwa nimemkandamiza Masanja khanga juu ya nyusi, na damu ilikuwa ikipita katikati ya vidole vyangu.

Alhamisi, 30 Septemba

Nyuzi tano juu ya nyusi ya Masanja. Zinamwasha.

Tangazo limebandikwa lango la kiwanda. Timu imevunjwa. Wachezaji wote wamepunguzwa, na wafanyakazi wengine watafuata. Masanja hajui kama yumo. Hatulali vizuri. Kila mtu akipita karibu na ukuta, nanyamaza kumsikiliza mpaka apite.

Evodi hasemi na mimi. Wala na shemeji yake. Anaongea na Adela tu.

Jumanne, 5 Oktoba

Leo asubuhi Evodi alimkuta Masanja akihangaika mbele ya kioo. Akamchukulia pamba na maji ya chumvi. Akainamisha kichwa sana, akiligeuza jicho zuri, akamsafisha kidonda taratibu. Masanja alifumba macho.  Nilirudi jikoni nikasimama tu mbele ya jiko.

Baadaye Evodi akaniambia anarudi nyumbani Bukoba kwa mama. Kuna migomba, kuna kahawa kidogo. Huko akijikwaa hakuna wa kuzomea.

Jumamosi, 9 Oktoba

Tumemsindikiza melini. Masanja, mimi, Adela. Gati limejaa watu, magunia, mikungu ya ndizi. Evodi alikuwa na sanduku zito la mbao. Hataki kushikwa mkono.

Penye ngazi ya meli watu walimsukuma kutoka kushoto, akayumba. Mtu mmoja akaja upande ule ule, akalichukua sanduku bila kusema neno, akaliweka begani na kumtangulia kupanda, akiwapisha watu kwa mkono mwingine. Alikuwa Mabula. Alilishusha juu, akashuka haraka, akapita karibu nasi akitazama sakafu.

Evodi alisema "asante, ndugu," kuelekea mahali alipokuwa. Hakumwona ni nani.

Masanja alimwona. Mimi nilimwona. 

Meli ilipiga honi. Adela alipunga mkono mpaka akachoka, akahamia mkono mwingine. Tulirudi kwa miguu. Jumamosi mchana, na njia ya uwanjani ilikuwa tupu. Nimepika dagaa na ugali. Masanja amekula, ameuliza kama upo mwingine.