Dawa ya Hasira Niliyoipata Kigongo

Kigongo, Mwanza

Dada yangu Koku,

Shikamoo. Mdogo wako ni mzima kama jabali la ziwani. Goti lako linasemaje? Migomba imebeba?

Ujue kwamba huku kivukoni lori halivuki kwenda Busisi mpaka mimi ninyooshe mkono. Nikiushusha, pamba inangoja, hata wakubwa wa Nyamagana wanazima injini.

Lakini cheo kina moto wake. Madereva wanapiga honi toka alfajiri, kila mmoja ana mgonjwa, kila mmoja ana haraka. Kichwa changu kilikuwa kinatwanga kama kinu. Siku moja nikamvua dereva kofia nikaitupa majini. Mkuu wa kivuko akaniita: "Ndugu, ukimgusa dereva mwingine, utarudi Bukoba kupalilia migomba ya dada yako." Nikakumbuka ulivyosema mbele ya watu kwamba kwa hasira zangu sitafikisha msimu wa kahawa kazini. Hilo lilinichoma kuliko la Mkuu.

Dawa nimeipata kwa Wasukuma. Hawa hawaanzi neno bila salamu, na salamu yao ni safari. Basi dereva akija amefura, namwambia, "Tusalimiane kwanza." Naanza na "Mwangaluka" yao ya asubuhi, kisha namuuliza mji, watoto, mvua, ng'ombe mmoja mmoja. Naye lazima aniulize ya kwangu. Hakuna mtu anayeweza kukuulizia shangazi yako huku amekukunjia ngumi. Juzi alikuja mmoja, mrefu kama mlingoti, ameshika spana. Tulipofika kwenye ndama wake aliyepotea, spana ilikuwa mfukoni na yeye anafuta machozi. Na kichwa changu kimya. Siku hizi hata Mkuu akigombana na simu, anatoka nje kuja kusalimiana nami.

Kahawa mmeshaanika, Dada, nami bado niko kazini. Watangazie wote waliokusikia.

Nisalimie shemeji fundi baiskeli, mama mdogo mkunga, na katekista anayekusomea barua hii. Hapa ashushe sauti.

Siku ile ya spana, ng'ombe wa kuulizia walikuwa wengi. Tulipogeuka, pantoni ilikuwa imeshaondoka, imetuacha gatini, mimi nikiwa na magogo ya kuzuia magurudumu kwapani. Kuweka magogo hayo ndiyo kazi yangu hasa. Dereva wa lori la mbele mle pantonini alikanyaga breki kwa miguu miwili mpaka Busisi.

Walifika salama, Dada. Bila mkono wangu.

Ni mimi mdogo wako,
Rweyongeza