Mama Yako Hayuko Ifo Wala Hagadera

Dadaab, 14 Machi 1997

Abti Zakariye, mwana wa dada yangu,

Assalaam aleikum. Mbuzi wangu amezaa wanne kwa mpigo, ukibisha njoo uhesabu. Naandika kwa Kiswahili ili wenzako wa Nairobi mliotengeneza nao programu ya kompyuta ya kuandikisha wakimbizi nao wasome.

Jana karani alimhamisha mama yako kutoka orodha ya kambi ya Ifo kwenda ya kambi ya Hagadera. Kompyuta ikamfuta Ifo, jenereta ikazima kabla hajaandikwa Hagadera. Karani akamwambia, "Mama, wewe hauko." Dada yangu akamjibu, "Basi unabishana na nani?"

Tulicheka, lakini mgao wa unga ni Jumatatu, na asiye na jina hapimiwi.

Mimi nimefungisha ndoa mia tatu. Baba akisema "nimekuoza," bwana harusi asiposema "nimekubali," hakuna ndoa: binti hubaki kwao. Ifundisheni mashine hivyo. Kufuta na kuandika kuwe jambo moja. Likikatika katikati, mtu abaki alikokuwa, na mashine iseme wazi kwamba imeshindwa.

Nimetandika mkeka mlangoni kwa karani. Ama aandike jina la mama yako Abshiro, ama aniruke mimi kila akiingia.

Ni mimi abti yako, mjomba kichwa kigumu,
Warsame