Buibui Mwenye Jina la Mke wa Profesa

Jumatatu, 4 Machi
Dume wangu amejivua gamba! Nimemkuta maabara asubuhi, mweusi ti, kasimama kando ya gamba lake kuukuu kama mtu aliyevua koti. Buibui wa faneli huyu, wa wale wanaosuka utando wenye umbo la faneli, nimemlea kwenye chupa yenye udongo tangu akiwa yai. Mama yake ni wa spishi ya bondeni, wa kawaida kabisa. Lakini mguu wa pili wa dume huyu sasa una mwiba uliopinda. Mwiba huo nimeuona kwa spishi ya mlimani tu — ile ambayo Profesa aliipa jina la marehemu mkewe. Haiwezekani. Au?

Jumanne, 5 Machi
Mama kaniuliza mezani, kwani buibui si buibui tu? Nikamweleza: hata yule wa uani anasuka faneli, ila si ukoo mmoja na hawa. Meno yake hukutana kama koleo. Ya hawa hushuka sambamba, kama sururu mbili. Kusuka si undugu. Akasema basi ni kama mafundi cherehani: wote hushona, ila si ndugu. Hasa! Nimecheka hadi chai ikanipalia.

Alhamisi, 7 Machi
Hadubini kutwa. Nimewatoa wote wa mlimani kwenye spiriti ya kuhifadhia. Madume watupu! Wa bondeni nao — majike watupu. Kumbe miaka yote tumewaita mume na mke spishi mbili.
Kanuni haina huruma: jina lililotangulia kuchapishwa ndilo hubaki. La bondeni limetangulia. La mkewe litafutwa. Na mkewe huyo ndiye aliyemwokota buibui wa kwanza wa mlimani, chini ya gogo bovu, akiwa na mimba ya mwanawe mkubwa. Profesa hachoki kuisimulia.
Lakini nisijidanganye — furaha ipo pia. Duniani kote, hili nalijua mimi tu.

Ijumaa, 8 Machi
Nimemwambia Profesa. Maneno niliyopanga njia nzima yaliyeyuka mlangoni, nikamwekea tu chupa mezani. Alimtazama dume kwa lenzi hadi nikaanza kuhesabu vigae vya sakafu. Nikasema tunaweza kusubiri kuchapisha, hata mwaka, hakuna anayetukimbiza. Akauliza kama jike aliyemzaa bado yu hai.
Yu hai, nikasema.
"Mlete, mwanangu," akasema. "Marehemu alinisumbua sana na hawa. Kila siku: mbona unaniletea waume tu, wake zao wako wapi?"
Nimemleta. Profesa amefuta miwani, amevuta kiti, amewaweka chupa kwa chupa. Hajasema tuchapishe wala tusichapishe. Ameomba lebo mpya na kalamu. Naandika haya nikiwa kwenye stuli ya dirishani, yeye kainama, kanipa mgongo. Kalamu anayo mkononi. Lebo bado nyeupe — anamuuliza jike kitu, kwa sauti ya chini, sikisikii.