Ndege Iliyofuata Mabati Yangu

Kwa Mama Nyaboke, mke wangu wa pekee (na nyinyi wengine mnaosomewa hii barua, hakuna cha kucheka hapo),

Nakusalimu kwa kelele, maana kutoka huku Tanzania mpaka Marani sauti ya kawaida haifiki. Magoti yako yanaendeleaje? Yale majani niliyokuambia uyachemshe, uliyachemsha au ulimpa mbuzi? Mimi ni mzima, meno yangu matano yapo yote. Mwandiko ukiuona umelala chali, si uzee. Ni mambo ya juzi, utayasikia.

Ningepiga simu, lakini wewe kwenye simu ukisikia jambo la kushtua unapiga ukelele "Nyasae!" kumwita Mungu, na kunikatia. Karatasi huwezi kuikata. Dereva wa yule mkandarasi wetu wa Suneka aliyenileta kazini huku anarudi nyumbani kesho, ataileta mkononi.

Kwanza kabisa. Kile kikao cha Jumapili inayokuja cha kuamua habari ya mjukuu wetu Moraa, mtu yeyote asiseme "Babu alikataa." Ni kweli nilikataa, kwa simu. Nilisema msiuze ng'ombe, msikodishe shamba la majani chai, na mtoto asiende shule ya urubani. Tangu siku hiyo Moraa hapokei simu yangu, na ana haki. Sasa nisikilize nilivyopata adabu.

Unajua kazi yangu huku ni kufyeka nyasi za uwanja wa ndege. Mwisho wa barabara ya ndege kuna safu ya vyuma vyekundu na vyeupe, kama ua wa mtu aliyeishiwa mbao. Nilipoanza kazi nilimuuliza fundi wa mitambo, bwana mmoja mwenye kipara anaitwa Sanga, vile vyuma vinazuia nini. Akacheka. Akaniambia vinatoa mawimbi usiyoyaona, yananyooka angani, na ndege ikija inayashika na kuyafuata mpaka karibu na ardhi, hata kama ukungu umefunika kila kitu.

"Na rubani?" nikamuuliza.

"Anaangalia, mzee."

"Anaangalia tu?"

"Mikono magotini. Njia inashikwa na mashine. Siku zijazo huenda akabaki mmoja badala ya wawili, na baadaye labda hata huyo asiwepo."

Mama Nyaboke, siku hiyo nilikumbuka mawe ya kusagia ya marehemu mama. Tangu mashine ya kusaga posho ije, kazi yake ni kuzuia mlango wa banda la kuku. Nikasema, tuuze ng'ombe ili Moraa akawe jiwe la kusagia? Rubani wa siku hizi ni abiria aliyevaa kofia. Ndipo nikawapigia simu nikiwa na maneno mengi, mtu wa darasa la nne akiwafundisha habari za ndege.

Sasa sikia ujinga wenyewe.

Wewe unatujua sisi. Kwetu mtu akiona ardhi imekaa bure, hata kama ni upana wa mkeka, usingizi unaisha. Na mbele ya vile vyuma kuna uwanja mtupu, Mama Nyaboke, mweusi wa rutuba, umelala tu! Kibao kipo, kimeandikwa USIINGIE, lakini mimi si nilikuwa tayari ndani nikifyeka? Nikachimba vitalu vitatu, nikatia zile mbegu za chinsaga, mgagani wetu, ulizonifungia kwenye kitambaa. Zikatoka kama zimeitwa. Watu wa huku walionja hizo mboga, wakakunja uso kwa uchungu wake, halafu wakaomba tena.

Wiki iliyopita wakaja kanga. Ndege wa porini wale hawana haya. Nikaokota mabati manne nyuma ya stoo iliyobomolewa, jioni nikayasimamisha kuzunguka vitalu, nikayafunga kwa waya. Yakang'aa kama nyumba ya bwana harusi. Nikalala nikiwa nimeridhika.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, huoni hata kidole chako. Nikasikia ndege inakuja. Unajua nimeshazoea, sauti inashuka, inashuka, halafu magurudumu yanalia. Siku hiyo ilishuka, na mara injini zikanguruma juu ya kichwa changu, nikalala chini na panga langu. Ikapaa tena. Sikuiona, niliisikia tu, na ilipita mahali isipopita siku zote. Ilizunguka huko juu mpaka ukungu ukapungua, ndipo ikatua.

Nusu saa haijaisha, namwona Sanga anakuja na mama mmoja aliyevaa shati jeupe lenye mistari minne begani. Ndiye rubani mkuu, wanamwita Kapteni Rehema. Anatembea kama wewe ukimfuata mwizi wa ndizi. Lakini huku kwa adabu zao, hata akija kukuua anaanza na salamu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama."

"Haya mabati ni ya nani?"

Nikayatazama kama mtu anayeyaona mara ya kwanza. "Ni ya mboga," nikasema.

"Mboga zinavaa mabati?"

"Kanga wanazila, mama."

Sanga akashika kipara chake kwa mikono miwili. Yule mama akachuchumaa pale kwenye vitalu vyangu, akanieleza polepole, na hiyo polepole ndiyo iliyonivunja. Mawimbi yalipiga mabati yangu yakapinda. Mashine ya ndege ikaona njia imehamia kushoto, ikaifuata.

"Haikupiga kengele?" nikamuuliza.

"Haikupiga chochote, mzee. Iliona kila kitu kiko sawa."

"Sasa wewe ulijuaje?"

"Dira ilisema kitu kingine. Mwenzangu akaniambia ramani haikubaliani na sindano inayofuata mawimbi. Nikaizima mashine, nikashika mwenyewe, nikapaa. Ndege ilikuwa imejaa. Kuna mama alikuwa na mapacha wachanga."

Nilikaa chini juu ya chinsaga zangu. Mimi, niliyetoroka shule kwa sababu ya hesabu za kugawanya, nilikuwa nimepinda barabara ya angani kwa mabati manne, na mashine yenye akili zote zile ikaniamini mimi! Watu walikuwa ndani wamefunga mikanda, wengine labda wamelala.

Nikamwambia, "Mama, nina mjukuu anataka hii kazi yako. Nilimwambia imekufa."

Akasimama, akajipangusa udongo mikononi. "Itabadilika, mzee. Labda yeye atakaa mbele peke yake. Labda atakaa chini kwenye ofisi akichunga ndege kadhaa. Sijui. Lakini leo asubuhi, wewe ungetaka nani awe pale mbele?"

Nikashika bati la kwanza, nikalifungua waya.

Niling'oa kila kitu kwa mikono yangu, nikabeba mabati mpaka stoo, kisha nikaenda ofisini nikasema ni mimi, kabla hawajaanza kuulizana. Mkandarasi alipiga kelele mpaka shati likatoka kwenye suruali. Hakunifukuza. Amenipeleka kuzibua mifereji, mbali na vyuma.

Basi msomee Moraa haya mwenyewe. Mwambie babu yake hajui kama kazi hiyo itakuwepo akizeeka, na yeyote anayesema anajua, anajua kama nilivyojua mimi. Lakini juzi ilikuwepo, na ilifanywa na mikono ya mtu ambaye hakukubali kudanganywa na mabati. Huyo mtoto tangu utotoni hakubali kudanganywa, hata mimi nimeshindwa kumdanganya. Kodisha chai. Uza ng'ombe yule mweupe. Najua unampenda kuliko mimi, lakini uza.

Nisalimie dada yangu mkubwa hapo Marani, umwambie bado namsamehe. Msalimie shemeji wa Kiogoro anayejifanya haoni simu zangu, na yule mzee wa kanisa aliyetabiri kwamba nitarudi bila meno. Moraa, huyo mjukuu na mke mwenzako wa utani, umwambie apokee simu Jumapili jioni. Sitasema neno. Nitasikiliza tu.

Kwenye kitambaa hiki kuna mbegu. Miche ya kwanza ilikuwa imeshakomaa kabla sijaing'oa. Zipande pale ng'ombe alipokuwa akifungwa, kwa kuwa patakuwa wazi, na samadi ipo.

Ni mimi mumeo, mkulima aliyefukuzwa angani,
Baba Nyaboke