Eucabeth na Nyaya za Sironga

Syprose, wacha kila kitu usome. Eucabeth ametoka Sironga sasa hivi. Yuko kwangu.

Si aliitwa kwa kile kiwanda cha mbao kilichofungwa, akadirie kazi ya kung'oa nyaya za stima zilizozikwa chini? Akapima, akaandika: watu wanane, siku tisa.

Onyiego, msimamizi wa pale, akacheka mbele ya vibarua wote. "Siku tisa! Kwani tunazika chifu? Nyinyi watu wa ziwa mnajua samaki, si waya."

WATU WA ZIWA. Mbele ya watu, Syprose!

Eucabeth akamweleza polepole kwamba nyaya ziko chini ya simiti, lazima zichimbwe kwa mkono, maana hakuna anayejua ni gani bado ina stima.

"Zote zilikufa zamani." Onyiego akashika msumeno akate waya, akaingia kwa shimo ambalo vibarua walikuwa wamechimba kupima udongo.

Eucabeth akamvuta shati. Onyiego akamsukuma! Mwanamke akaanguka kwa matope, akainuka hivyo hivyo, akagusa waya kwa testa, ile ya kupima stima, pale ganda la waya lilikuwa limechubuka.

Ikawaka. Waya "iliyokufa", Syprose. Testa ikawaka!

Onyiego akaangusha msumeno, akanong'ona pole.

"Ulinitukana kwa sauti," Eucabeth akamwambia. "Na pole iseme kwa sauti."

Akaisema, wote wakasikia. Eucabeth akawaamuru vibarua watoke pale, akararua makadirio yake kwamba kazi yao hataki tena, akaondoka.

Sasa ameoga, chakula hataki. Ananiambia tena na tena, "Pam, angekufa akinitukana."