Kanda ya Mama Kulwa

Kaka Deo,

Mama Kulwa alikuja dukani kukuulizia. Nilimwamkia, akaitikia ile marahaba yake ya kukata, akavuta kiti chako, akakaa. "Deo yuko wapi? Aliniambia nije Jumamosi kuchukua video." Nikamuuliza, Jumamosi ipi, mama? Akasema ile ya baada ya harusi ya Kulwa. Deo, Kulwa ana watoto watatu sasa, na wa kwanza anavaa viatu vikubwa kuliko vyangu.

Nikamwambia ulitutoka, huu ni mwaka wa pili. Akasema, "Kumbe amenikimbia mpaka huko." Tukacheka wote wawili, kisha yeye akalia kidogo, na mimi nikajifanya natafuta kitu kabatini. Unanijua.

Sasa shida yake ni hii. Mzee Masanja, mume wake, alifariki muda mfupi baada ya harusi ile, na picha waliyobaki nayo ni ya kitambulisho tu, ambayo mtu yeyote hutoka kama mwizi wa ng'ombe. Wewe ndiye uliyemrekodi akimpa Kulwa wosia wa kutoka nyumbani. Na macho ya mama yanaondoka. Daktari amemwambia kilichobaki ni cha kutunza, kilichokwenda hakirudi. "Nataka nimwone nikiwa bado naona," alisema, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi. Nikamjibu, wiki moja tu, mama. Nilisema kwa kujiamini kabisa, kama mtu aliyefundishwa na wewe.

Kanda niliipata siku hiyohiyo, kwenye lile katoni lako la sabuni, na mwandiko wako wa kidaktari juu yake: "Kulwa, Ilemela." Kesho yake nikaiweka kwenye ile kamera ndogo ya kijivu uliyoinunua mwishoni, nikaiunganisha na kompyuta kwa waya wa USB. Kompyuta ikanionyesha picha tatu za mbuzi. Harusi hakuna. Nilihangaika na mbuzi hao tangu asubuhi mpaka saa ya chakula ndipo nikakumbuka ulivyokuwa ukinifokea: USB ya kamera hizi inatoa picha za kwenye kadi tu, video ya kanda inapita kwenye soketi ya DV, ile ndogo ya ubavuni, na waya wake ni fayawaya.

Waya ninao. Kompyuta yenye tundu lake ndiyo sina, za siku hizi hazina. Nikafufua ile yetu kubwa ya zamani, nikapuliza vumbi, nikamtoa na mjusi. Ikawaka. Lakini haioni kamera. Nikabadili waya, nikazima na kuwasha, nikaweka upya programu ya kunasia video. Kumbe kamera nimeiacha upande wa kurekodi badala ya upande wa kucheza kanda. Usicheke. Haya, cheka.

Ilipoonekana, picha ikaja vipandevipande kama sakafu iliyopigwa nyundo, na sauti inadonoadonoa kama kuku. Nikapitisha kanda ya kusafishia kichwa cha kamera. Vilevile. Nikaweka kanda nyingine, ya ubatizo, tuliyorekodi kwa hiyohiyo kamera ya kijivu. Ikapita safi. Basi kamera nzima, waya mzima, kompyuta nzima. Ugonjwa uko kwenye kanda ya Kulwa peke yake. Hapo nikakaa chini, na ubahili wako ukanijia mbele ya macho kama umesimama mlangoni.

LP. Wenzako walirekodi kwa mwendo wa kawaida. Wewe, kwa kuwa kwenye harusi za kwetu kila shangazi lazima aongee na hakuna shangazi wa kukatwa, uliweka LP, ule mwendo wa polepole, ili kanda ya saa moja ibebe saa moja na nusu. Na ulijua gharama yake. Uliniambia mara ngapi kwamba kanda ya LP ni kama mtoto mwenye deko, haendi kwa mtu ila kwa mama yake: kamera iliyoirekodi ndiyo itakayoisoma.

Mama wa kanda hii ni ile kamera nyeusi. Ile tuliyomuuzia mwalimu wa kwaya wa Sengerema kwa bei ya kutupa, baada ya soketi yake ya DV kufa.

Kaka, hapa kalamu inakuwa nzito. Wewe ulisema ni umeme. Ulimwambia kila mtu kwamba umeme umeiunguza kamera, na shemeji akakulaumu, akasema alishakuambia ununue kifaa cha kuzuia umeme, ukaona bora ununue viatu. Haukuwa umeme. Ni mimi. Ulikuwa umeenda kula, nami nikachomeka fayawaya juu chini. Ukagoma. Nikausukuma. Kitu kikalia "tik", kidogo tu, kama mtu anayesonya kwa adabu. Nikauchomoa, nikaukunja vizuri, nikakaa. Uliporudi ukajaribu, ukajaribu tena, ukasema, "Huu umeme utatumaliza." Nami nikaitikia, "Utatumaliza, kaka." Nikaendelea kuitikia miaka yote hiyo, mpaka msibani, shemeji alipoitaja kamera ile kati ya mambo yako.

Nilikwenda Sengerema. Daraja la Busisi limefunguliwa, wewe hukuwahi kulipita. Pale Kigongo, ambapo tulikuwa tunasubiri kivuko mpaka tunamaliza sato wa kukaanga na hadithi zote, siku hizi unavuka hata dirisha hujamaliza kufunga. Nikajikuta namweleza abiria wa pembeni habari zako, na hakuwa ameniuliza.

Mwalimu wa kwaya alinisikiliza, akasema, "Mliniuzia mbovu, leo mnakuja kuiazima nzima?" Nikaona kudanganya tena ni kazi. Nikamwambia ukweli wa soketi, akawa mtu wa kwanza duniani kuujua. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Ichukue," akasema, "ila waya achomeke mtu mwingine."

Nilichomeka mwenyewe, polepole, kama namvisha mtoto soksi. Soketi ya DV imekufa kweli, lakini tundu la AV ni zima. Nikatumia zile waya tatu, njano, nyekundu na nyeupe, nikazipitisha kwenye kifaa kidogo cha kunasia kinachoingia kwenye USB ya kompyuta ya kawaida. Picha haina ukali wa ile njia yetu ya zamani, na mlango wa kanda haufungi, nimeubana kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Lakini Mzee Masanja alitokea mzima mzima, na koti lake, nusura nimwamkie. Nikakaa naye saa moja na nusu, maana kanda inanaswa kwa mwendo wake, haiharakishwi.

Mama Kulwa nilimfuata nyumbani. Hakutaka kiti. Alisogea mpaka pua ikakaribia kioo cha kompyuta. Mzee anamaliza wosia, watu kimya, halafu sauti yako inatoka nyuma ya kamera: "Mzee samahani, rudia kidogo, nilikuwa sijakaa vizuri." Mzee anakutazama. "Binti nimeshamtoa, kijana. Nikirudia nitamrudisha ndani." Watu wakaangua kicheko, na kamera yako ikatetemeka.

"Ndiye," akasema Mama Kulwa. "Ndiye huyohuyo. Na koti hilo ni la kaka yangu, hakulirudisha." Akaniambia nirudishe nyuma. Nikarudisha mara nne. Mara ya tano akanizuia mkono, akaacha iende yenyewe, ipite mashangazi, ipite wapishi, ifike hadi ule ukuta uliourekodi kwa muda mrefu ukidhani umezima. Hata ukuta aliutazama. Alipoinuka aliniambia, "Deo mwambie nimeipata."

Ndiyo nakwambia. Ameipata.

Katonini zimebaki kanda ishirini na saba, nyingi ni za LP, ubahili wako ulikuwa na bidii. Mwalimu amekubali nikae na kamera mpaka niimalize kazi. Nimewaorodhesha wenyewe, na wawili nimeshawapigia. Nakuahidi hakuna atakayekufuata huko kukudai video.

Kwaheri kwa leo, kaka. Kesho asubuhi nakwenda kwa shemeji kumwambia nani aliiua kamera nyeusi. Akinifukuza, nitakaa nje mpaka achoke anipe chai. Nataka akikulaumu akulaumu kwa mambo yako mwenyewe, ambayo nayo hayakuwa machache.

Mdogo wako,
Lameki